Kubadilisha Bomba la Majitaka Lililolala Chini ya Bahari

Bomba la majitaka lililolala chini ya bahari huchakaa mahali pasipoonekana, na kwa kawaida haliwezi kufungwa hata kwa siku moja. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoifanya kazi ya kulibadilisha iwe ngumu kuliko karibu kazi nyingine yoyote ya miundombinu ya jiji. Barabara mbovu hufungwa na magari yakapitishwa kwingine. Bomba la majisafi likipasuka, wakazi hununua maji ya madumu kwa siku mbili tatu. Majitaka hayana subira hiyo: watu wanaendelea kuoga, kupika na kwenda chooni, na kila kinachoingia kwenye chemba lazima kitokee mahali fulani. Ndiyo maana swali la kwanza katika kazi ya aina hii si bomba jipya litajengwaje. Swali la kwanza ni majitaka yatapita wapi wakati la zamani linapoguswa.

Mabomba yenyewe ni ya aina mbili. Aina ya kwanza huvuka hori, mlango wa bahari au mfereji wa meli, ikichukua majitaka ya upande mmoja wa jiji hadi kwenye mtambo wa kuyasafisha ulio ng'ambo. Humo majitaka husukumwa kwa pampu na bomba huwa limejaa wakati wote. Aina ya pili ni bomba la kumwagia baharini. Hilo hutoka kwenye mtambo, likateremka kwenye sakafu ya bahari kwa kilomita kadhaa, na kuishia kwa kipande chenye matundu mengi ubavuni ili maji yatoke kwa vijito vingi vyembamba badala ya mkondo mmoja mnene. Maji yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo hupanda juu, na kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyochanganyika na bahari. Pale ambapo bahari ina tabaka la vuguvugu juu na la baridi chini, mchanganyiko huo hunaswa chini ya tabaka la juu na haufiki ufukweni. Urefu na kina cha bomba, basi, ni sehemu ya usafishaji wenyewe. Bomba likikatika njiani, mpango mzima huwa umevunjika hata kama mtambo wa nchi kavu unafanya kazi vizuri.

Kina nacho kina gharama yake. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji yasiyo na chumvi kwa takriban asilimia 2.5. Bomba linaloishia kwenye kina cha mita 60 hudai kwamba maji ya upande wa nchi kavu yasimame mita 1.5 juu ya usawa wa bahari ili yaanze tu kutoka, kabla ya kuhesabu msuguano wa safari nzima. Maji yakijaa, kiasi hicho hupanda nayo, na usawa wa bahari za dunia unavyopanda, bomba lililopimwa miaka 60 iliyopita hubaki na nguvu pungufu ya ile aliyoihesabu mhandisi wake.

Pwani ya kusini ya California, Marekani, ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili kwa ukamilifu, kwa kuwa majiji yake yamepitia karibu kila hali inayoweza kulipata bomba la namna hii. San Diego iliipitia ile mbaya zaidi. Tarehe 2 Februari 1992, bomba la Point Loma, lililokuwa likitumika tangu mwaka 1963, lilipasuka takriban kilomita moja tu kutoka ufukweni, mahali ambapo kina ni kama mita 10. Kwa miezi miwili, kiasi cha lita milioni 680 za majitaka yaliyosafishwa nusu zilitoka kila siku kwenye ufa huo, na fukwe za jirani zikafungwa. Mafundi walijua tangu mwanzo bomba limekatika wapi, lakini hapakuwa na njia ya pili ya kuyapeleka maji hayo mbali, kwa hiyo matengenezo yalifanyika huku mkondo ukiendelea kumiminika hadi mapema Aprili. Mwaka 1993 bomba lilirefushwa hadi zaidi ya kilomita 7 kutoka pwani, kwenye kina cha karibu mita 100.

Jinsi mabomba haya yanavyochakaa si jambo la kubahatisha. Adui wa zege ni gesi. Majitaka yanapokosa hewa, bakteria hugeuza salfeti iliyomo kuwa haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya mayai viza. Gesi hiyo hupanda hadi sehemu ya juu ya bomba palipo na nafasi ya hewa, na hapo kwenye unyevunyevu bakteria wengine huigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Asidi hula zege taratibu hadi nondo zikaonekana. Kwa sababu hiyo paa la bomba huoza kabla ya sakafu yake, na vipande vilivyojaa maji muda wote hudumu kuliko vile vinavyojaa nusu. Maji ya bahari yana salfeti nyingi. Yakipenya kwenye mtandao kupitia viungio vilivyolegea, gesi huongezeka, na uharibifu hujilisha wenyewe.

Chuma kina kutu, ambayo huzuiwa kwa kufunga vipande vya zinki vinavyoliwa badala ya bomba. Zinki ikiisha bila kubadilishwa, zamu ya bomba huanza. Mabomba ya zege yaliyozungushiwa nyaya za chuma zilizokazwa yana tabia ya kutisha zaidi. Nyaya hukatika mojamoja ndani ya zege kwa miaka bila dalili yoyote kwa nje, kisha bomba hupasuka kwa ghafla. Kuna pia hatari zinazotoka nje: nanga za meli, dhoruba zinazokomba mchanga chini ya bomba na kuliacha likining'inia, mitetemeko ya ardhi inayotenganisha viungio, na viumbe wa baharini wenye magamba wanaoziba matundu ya mwisho. Wakati mwingine bomba halijachakaa kabisa bali limezuia njia. Huko Miami, bomba la majitaka lililopita chini ya mfereji wa kuingilia bandarini lilibidi lihamishiwe kina kirefu zaidi kabla ya mfereji huo kuchimbwa ili kupokea meli kubwa.

Ukaguzi wa nje unawezekana kila mwaka. Wazamiaji hushuka, roboti zenye kamera hupitishwa juu ya bomba, vipimo vya sauti huchora umbo la sakafu ya bahari, na rangi isiyo na madhara humwagwa ndani ili kuona kama itachomoza mahali isipotakiwa. Yote hayo huonyesha ngozi ya nje. Kuijua hali ya ndani kunahitaji bomba lifungwe na kumwagwa maji, au angalau mkondo upunguzwe sana, na hapo ndipo kila jiji hurudi kwenye swali la njia ya pili.

Jiji la Los Angeles lilikuwa nayo. Mtambo wake wa Hyperion, unaohudumia takriban watu milioni 4, una bomba kubwa la maili 5, yaani kilomita 8, lenye kipenyo cha karibu mita 3.7, lililoanza kazi mwaka 1960 na kuishia kwenye kina cha takriban mita 57. Kando yake liko bomba fupi la maili moja, la zamani zaidi, linaloishia kwenye kina cha mita 15 hivi. Lile fupi lilibakizwa kama akiba. Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa Novemba 2006, baada ya zaidi ya miaka 40 ya matumizi, jiji liliweza kuhamishia mkondo wote kwenye bomba fupi kwa siku chache, maji yakatiwa klorini, na wahandisi wakalikagua lile kubwa. Mwaka 2015 lilifanya hivyo tena kwa takriban wiki sita ili kubadilisha vifaa vya kusukumia maji ambavyo vilikuwa vimechakaa.

Akiba hiyo nayo ilikuwa na funzo lake. Mara tu baada ya mkondo kuhamishwa mwaka 2015, takataka za plastiki na za vyooni, zikiwemo sindano, zilianza kutupwa na mawimbi kwenye mchanga wa Dockweiler, na fukwe zikafungwa kwa siku kadhaa. Mnamo Julai 2021, vichujio vya mtambo vilipoziba na majitaka kufurika ndani ya Hyperion, makumi ya mamilioni ya lita za majitaka ghafi yalitolewa kupitia bomba hilohilo fupi. Bomba la akiba, kwa hiyo, si mahali pa kusahaulika. Linahitaji kusafishwa na kukaguliwa kwa ratiba ileile ya bomba kuu, kwa sababu siku ya kuhitajika kwake huwa ni siku ambayo mambo mengine tayari yameharibika. Hata hivyo, tukio la 2021 lenyewe laonyesha thamani yake: bila ya njia hiyo, mtambo mzima ungezama.

Kusini zaidi, Wilaya za Usafi za Kaunti ya Los Angeles zilijikuta katika hali tofauti. Mtambo wao wa Carson, unaohudumia karibu watu milioni 5, huyafikisha maji kwenye bahari ya White Point kupitia mahandaki mawili ya takriban kilomita 10 yaliyochimbwa chini ya makazi ya watu. La kwanza, lenye kipenyo cha mita 2.4, ni la mwaka 1937. La pili, la mita 3.7, ni la mwaka 1958. Kwenye karatasi mahandaki mawili ni njia mbili. Kwa kweli mvua kubwa zikinyesha yote mawili huhitajika kwa pamoja, hivyo hakuna hata moja linaloweza kufungwa, na tangu mwaka 1958 hakuna aliyeyakagua kwa ndani. Yote mawili yanakatiza ufa wa ardhi wa Palos Verdes, ambao bado uko hai, na yalijengwa kabla ya viwango vya sasa vya kustahimili tetemeko. Mvua za Januari 2017 zilikaribia kuyazidi uwezo. Jiji linaweza kuwa na mabomba mawili na bado likawa halina akiba. Kinachohesabika ni uwezo unaobaki pale moja linapokuwa limefungwa siku ya mvua.

Njia za kujenga bomba jipya hutegemea kina, aina ya sakafu na wingi wa meli. Kulivisha bomba la zamani bomba jipya kwa ndani ni rahisi kwa gharama, lakini hupunguza kipenyo na hudai bomba lifungwe kwanza, jambo ambalo ndilo tatizo lenyewe. Kuvuka mfereji wa bandari, mara nyingi hutobolewa tundu lenye mkunjo kutoka ukingo mmoja hadi wa pili chini ya sakafu, kisha bomba huvutwa kupitia humo. Hatari kuu ni tope la kuchimbia kupenya juu na kuchafua maji.

Kwa bomba la kumwagia baharini lenye kipenyo kisichozidi mita 2.5 hivi, nyenzo inayopendwa siku hizi ni poliethilini, plastiki ngumu isiyojua kutu wala asidi. Viwanda vya Norway hutoa vipande vya mita mia kadhaa kwa mkupuo na kuvikokota baharini hadi nchi nyingine. Vipande huunganishwa kwa moto: ncha mbili hukwanguliwa zikawa safi, hubanwa kwenye bamba la joto hadi ziyeyuke, bamba likatolewa, na ncha zikagandamizwa pamoja mpaka zipoe. Kiungio hicho hakina mpira wala boliti ya kulegea. Kisha bomba huvishwa vizito vya zege kila baada ya mita chache na kuzibwa ncha zote mbili. Kwa kuwa limejaa hewa, huelea pamoja na uzito wake wote, na tagi, yaani meli ndogo ya kukokotea, hulivuta hadi mahali pake.

Siku ya kulizamisha ndiyo siku ya roho juu. Ncha ya ufukweni huunganishwa, maji ya bahari yakaruhusiwa kuingia polepole, na hewa ikatolewa kwa kipimo kwenye ncha ya mbali. Bomba huanza kulala kutokea ufukweni, na kati ya sakafu na uso wa maji huwa na umbo la herufi S linalosogea kuelekea baharini. Tagi iliyo mwisho hulivuta muda wote ili mkunjo usizidi kiasi. Tagi ikilegeza kamba, au hewa ikitoka haraka mno, bomba hukunjika na kilomita nzima ya kazi hupotea kwa dakika chache. Wakandarasi husubiri bahari shwari hata kwa wiki kadhaa, na zoezi likianza halikatizwi kwa urahisi. Sehemu inayopasukiwa na mawimbi haiachwi wazi. Huko bomba hufukiwa kwenye mtaro na kufunikwa mawe, kwani Point Loma ilionyesha kwamba maji ya kina kifupi ndiyo yenye hatari kubwa. Muunganisho wa mwisho na mtandao wa jiji hufanywa kabla ya alfajiri, mvua zikiwa zimekatika, kwa sababu saa hizo jiji limelala na mkondo umeshuka kabisa.

Kwa kiasi kama cha Carson, karibu mita za ujazo milioni moja kwa siku, poliethilini haitoshi, na njia iliyochaguliwa ni handaki. Handaki jipya lina urefu wa kilomita 11 na kipenyo cha ndani cha mita 5.5, na hupita kati ya mita 9 na mita 137 chini ya ardhi, likichimbwa na mashine inayosukuma mbele na kupanga pete za zege nyuma yake. Linaishia ufukweni Royal Palms, ambako litaunganishwa na mabomba ya baharini yaliyopo. Kuna sababu nzuri ya kutovuruga sakafu ya bahari hapo. Kuanzia mwaka 1947 hadi 1971 kiwanda kimoja cha dawa za wadudu kilimwaga mabaki ya DDT kwenye mtandao wa majitaka wa kaunti, na tani nyingi za sumu hiyo bado zimelala kwenye tope la Palos Verdes kuzunguka mabomba. Kubadilisha bomba la zamani ni pamoja na kuamua nini kisiguswe.

Kazi za chini ya ardhi na maji huhatarisha maisha. Mwaka 1999, handaki la kilomita 15 la Boston lilipokuwa karibu kukamilika, wazamiaji walitumwa hadi mwisho wake, ambako hewa haikufaa kuvuta, kuondoa vizibo vya mabomba ya kutolea maji. Mitambo yao ya kupumulia ilishindwa na wawili wakafa. Handaki hilo lilianza kazi Septemba 2000. Tarehe 9 Julai 2025, sehemu ya handaki jipya la Carson iliporomoka huku wafanyakazi wakiwa upande wa mbali, kilomita kadhaa kutoka mlango pekee. Walilipanda rundo la udongo lililokuwa limeziba njia, wakapokewa upande wa pili, na wote wakatoka hai. Mkataba wa ujenzi ulikuwa wa zaidi ya dola milioni 600, na hakuna fungu katika mkataba kama huo linalostahili kulindwa kuliko lile la njia ya kutokea.

Upana wa bomba jipya ni uamuzi wa karne, na ni mgumu kuliko unavyoonekana. Los Angeles ilitangaza mwaka 2019 kwamba inakusudia kufikia mwaka 2035 majitaka yote ya Hyperion yawe yanasafishwa na kutumika tena. Katika eneo kame, kuyamwaga baharini maji yaliyogharimu fedha nyingi kusafishwa ni hasara, na wanaopinga mabomba makubwa wana hoja. Lakini utumiaji upya hauondoi bomba. Mitambo ya kuchuja huacha maji machungu yenye chumvi nyingi ambayo lazima yaende baharini, na mvua kubwa hujaza mtandao kwa kiasi ambacho hakuna mtambo unaoweza kukichuja kwa saa chache. Bomba litapimwa kwa siku hizo chache za mafuriko, hata kama siku nyingine zote litapitisha kidogo.

Pwani ya Afrika Mashariki ina hesabu zake. Mtandao wa katikati ya Dar es Salaam ulijengwa enzi za ukoloni, na bomba lake la baharini liko upande wa Ocean Road. Katika miaka ya 1990 lilikuwa limeharibika na majitaka yakitoka karibu na ufukwe badala ya mbali. Mitaa mingine iliyounganishwa humwaga kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti, Kurasini na Lugalo, na wakazi walio wengi hutumia vyoo vya shimo na makaro yanayonyonywa na magari. Mtandao wa majitaka wa Mombasa huwafikia sehemu ndogo tu ya watu wake, na Mji Mkongwe wa Zanzibar umekuwa ukimwaga moja kwa moja baharini kupitia mabomba mafupi. Katika pwani hii bahari hupanda na kushuka mita tatu hadi nne wakati wa bamvua. Bomba fupi hubaki wazi maji yakipwa, kinywa chake kikimwaga juu ya mwamba na majani ya bahari wanakookotea watu chaza, na maji yakijaa hurudishiwa mzigo wake. Msimu wa kazi nao ni mwembamba: kusi huchafua bahari kwa miezi, na utulivu wa Machi na Aprili huangukia kwenye masika, wakati mtandao umejaa maji ya mvua. Inayobaki ni ile nafasi kati ya kusi na kaskazi, Oktoba na mwanzo wa Novemba, kabla vuli haijachanganya.

Kwa majiji haya bomba refu lisilo na mtambo nyuma yake huhamisha uchafu tu, na mtambo usiofikiwa na mitaa mingi huwasafishia wachache. Hata hivyo bomba lililovunjika ufukweni huwadhuru watu leo, na kulitengeneza hakuwezi kusubiri mpango mkuu wa miaka 30. La busara ni kujenga jipya kando ya la zamani, mbali vya kutosha kulivuka lile eneo linalopwa, na kulitengeneza la zamani badala ya kuling'oa, ili jiji lianze kuwa na njia mbili tangu sasa lingali dogo kimtandao na gharama bado zinabebeka.

Ndivyo ilivyopangwa kule Carson. Handaki jipya likishapokea mkondo wote, lile la mwaka 1937 na lile la mwaka 1958 yatafungwa, yatakaguliwa na kukarabatiwa, kisha yatabakizwa kuwa akiba.